Kosheni, Mutesheni na Ukoo Wao Mtukufu

Lucian wa Samosata, mwandishi wa karne ya pili, alitunga sifa za nzi, na nzi hakuwa amemfanyia lolote la maana. Sioni basi kwa nini maneno ya ofisi ya ardhi yaendelee kutukanwa kila siku mjini Kakamega bila hata mtu mmoja wa kuyapigia kigelegele. Nayasema yale yale yanayomfanya mkulima wa Shinyalu akune kichwa na mwalimu wa Lurambi ajifanye ameelewa: chaji, dischaji, kosheni, mutesheni, konsenti, sachi. Ni maneno mabaya kwa sura. Yalikuja na meli, yakabandikwa irabu mwishoni ili yakae vizuri mdomoni, na hata hivyo hayakai. Mtu akiyasikia hupatwa na usingizi, kisha hofu, kisha huuliza pa kuweka sahihi. Nami nadai kwamba katika kaunti yenye watu zaidi ya 600 katika kila kilomita ya mraba, ambako ndugu watano wanaweza kugombania robo ekari, shamba halina mlinzi mwaminifu kama neno lisiloeleweka. Mbwa huweza kurushiwa mfupa akanyamaza. Mutesheni haili mfupa.

Mkubwa wa ukoo huu ni mogeji, na asili yake ni ya makaburini. Ni neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya rehani iliyokufa. Mwanasheria Mwingereza Edward Coke alieleza katika karne ya 17 kwamba mkopaji asipolipa, shamba limemfia yeye. Akilipa, rehani imemfia mkopeshaji. Kwa vyovyote vile kuna matanga. Ni neno gani jingine la biashara linalomtangazia mteja msiba kabla hajapewa kiti? Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 2012 ilimzika marehemu huyu kimya kimya ikamrithisha chaji, ingawa mabango ya benki bado yanamwita kwa jina kana kwamba yu hai. Chaji naye ni mkweli kwa namna yake. Simu ikichajiwa hujaa. Shamba likichajiwa hubaki pale pale na mahindi yake yale yale, ila limefungwa kamba ambayo ncha yake imeshikwa na benki hadi dischaji iifungue. Umiliki haujahama. Mogeji wa Uingereza ya zamani alihamisha umiliki wenyewe hadi deni liishe. Chaji huliacha shamba kwa mwenyewe na kumpa mkopeshaji dhamana tu. Tofauti hiyo ni ya mbingu na ardhi, na imefichwa ndani ya neno ambalo watu hudhani ni la fundi wa simu.

Wapo wanaodai kwamba maneno yangekuwa mepesi, watu wasingedhulumiwa. Historia ya Kakamega inawakatalia. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya amana juu ya ardhi za Waafrika, ikatangaza kwamba maeneo waliyotengewa yatakuwa yao milele. Milele ni neno jepesi. Mtoto wa chekechea analijua, na halihitaji wakili. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega, Wazungu wakamiminika na sururu zao, na kufikia mwisho wa 1932 sheria ilikuwa imerekebishwa: ile ahadi kwamba ardhi ikitwaliwa italipwa kwa ardhi nyingine, na kwamba baraza la wenyeji litashauriwa kwanza, iliwekwa kando ili migodi ipite. Milele ilidumu miaka miwili. Rosterman, jina la mgodi wa enzi hizo, hadi leo ni jina la mtaa mjini. Milele haikupewa hata kichochoro. Unguja na Pemba nako kulikuwa na bei kheri. Mwenye mikarafuu aliyehitaji fedha alimuuzia mkopeshaji shamba lake akiwa na haki ya kulinunua tena, huku akibaki humo humo akilipa kodi. Jina hilo latokana na khiyari, yaani hiari ya kulirudisha, lakini sikio la Mswahili lilisikia heri, na nani hukataa heri? Madeni yakarundikana hadi serikali ya Zanzibar ikalazimika kutoa amri mwaka 1934 ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasiponyoke mikononi mwao kiholela.

Tapeli wa ploti amelijua somo hili kuliko wasomi. Hutamsikia akitamka mutesheni, ile hati ya kugawa shamba. Lugha yake ni laini kama uji wa mtoto: hakuna shida mzee wangu, hizi ni karatasi za kawaida tu, weka sahihi hapa, mengine tutamalizana. Hakuna neno hata moja hapo linalohitaji kamusi. Ugumu unapoanza, yeye huanza kutazama saa.

Sasa itazame kadi ya kijani kwa karibu. Shamba lililosajiliwa lina kadi yake katika sajili ya ardhi, chini ya jina la eneo: Butsotso/Shikoti, Isukha/Shirere, Marama/Lunza, kisha nambari. Kadi ina sehemu tatu. A hueleza shamba na ukubwa wake. B humtaja mwenyewe. C ni ya mizigo iliyolilemea shamba, na wanunuzi wengi hawafiki huko, kwa sababu wakishaliona jina la muuzaji katika B tayari wanajenga nyumba kichwani. Hata hiyo B hawaimalizi, na kosheni hukaa humo humo, chini ya jina. Mjane akisikia shemeji anazunguka na mnunuzi, akaenda kwa msajili na fomu na kiapo chake, mstari mmoja wa wino ukaandikwa pale, basi shamba limesimama. Halihamishwi wala halichajiwi hadi yeye aridhie, au msajili ama mahakama iiondoe kosheni hiyo baada ya kumpa nafasi ya kusikizwa. Mstari ule haupigi kelele, hauna rungu, haulali na haudai mshahara wa mwisho wa mwezi. Ungeitafsiri kuwa tahadhari, mtu angetazama kushoto na kulia kama anayevuka barabara ya Kisumu, kisha angeendelea na safari. Ikibaki kosheni, anauliza: hii ni nini? Na swali hilo, likiulizwa kabla pesa hazijatoka mfukoni, ndiyo kazi yote ya kosheni.

Konsenti nayo inastahili shairi, lau ingepata vina. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967, shamba la kilimo haliuzwi wala haligawanywi bila kibali cha bodi, na ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufungwe. Muda ukipita au kibali kikikosekana, mkataba huwa batili na mnunuzi hubaki kudai pesa zake kama anayedai deni la dukani. Siku ya bodi, mabenchi ya ofisi ya naibu kamishna wa kaunti hujaa mapema. Muuzaji amevaa koti la kanisani. Mnunuzi amekumbatia faili ya plastiki. Mke wa muuzaji ameketi kando, na zamu yao ikifika ndiye anayegeukiwa: mama, unajua shamba linauzwa? Na watoto mtawaweka wapi? Kimya cha mama huyo, hata cha nusu dakika, kinaweza kuirudisha nyumbani biashara ya milioni mbili. Benki nayo haikwepi mkono wa konsenti, kwa kuwa chaji juu ya nyumba ya familia haina nguvu mpaka mwenzi anayeishi humo atie sahihi au pawe na ushahidi kwamba ameridhia. Bwana aliyezoea kusema shamba ni langu na neno ni langu hugundua, mbele ya karani, kwamba neno ni la mkewe pia.

Hapa mtu atanikata kauli: maneno haya yamezuia minada mingapi? Magazeti si yanajaa matangazo ya madalali kila juma? Yanajaa, na sikusema konsenti hulipa madeni. Nasema hununua siku. Mkopaji akishindwa kulipa na hali ikaendelea mwezi mzima, benki humpa notisi isiyopungua miezi 3. Ikipita, huja notisi ya siku 40 kwamba nyumba itauzwa. Baada yake dalali wa mnada hutoa siku 45 za ukombozi, neno ambalo Kakamega hulisikia kila Jumapili likiwa na malipo nafuu zaidi. Jumlisha, upate zaidi ya nusu mwaka. Tena mnada ukifanyika kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria huchukulia kwamba benki imekiuka wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Ni kinga nzuri kwa anayeijua. Asiyeijua huzitia notisi zote katika droo moja na risiti za stima, na kosa hilo siwezi kulibandika kwa neno difolti, ambalo lilifanya kila liwezalo ili lionekane la kutisha.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ilhali sheria za ardhi tunazisoma kwa Kiingereza; Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Kwa nini nasi tusitafsiri? Tutafsiri, hata kesho. Mtetezi wa nzi hakatazi watu kufunika chakula. Lakini anayetarajia kwamba rehani itakuwa tamu kwa kuwa ni neno la nyumbani aulize wenye mikarafuu wa Pemba. Tafsiri itamwezesha mkulima kusoma, haitamlazimisha asome. Neno geni limekuwa likifanya kazi hiyo ya kulazimisha, kwa ukali wa mwalimu wa hesabu, na yeyote atakayelistaafisha atafute wa kushika zamu yake.

Lipo pia pingamizi la tatu, la wauza nyumba: eti jargoni ndiyo inayowatisha Wakenya wasichukue mikopo ya nyumba. Takwimu za Benki Kuu kwa miaka mingi zimeonyesha mikopo isiyofika 40,000 katika nchi iliyohesabiwa watu milioni 47.6 mwaka 2019. Wastani wa mkopo mmoja, hata hivyo, umekuwa ukipita shilingi milioni 8. Mwenye kibanda sokoni hahitaji kamusi ili aogope tarakimu hiyo. Na kijijini mlango umefungwa kwa kufuli jingine kabisa: hati bado ina jina la babu, babu amelala chini ya mgomba miaka 30, na hakuna aliyekwenda kortini kuomba barua za usimamizi wa mirathi, kwa sababu atakayekwenda ataulizwa na nduguze anataka kuuza nini. Maiti hawezi kuchaji shamba. Hapo ndipo nakiri ukoo wangu mtukufu una doa: ugumu ule ule unaomfukuza tapeli humchosha pia mrithi halali, na ekari tatu za wajukuu kumi na wawili hubaki hazina mwenyewe kwenye karatasi. Kwa kosa hilo siyaombei maneno haya msamaha.

Nayaombea yasikizwe tu, na nafasi ya kwanza naipa sachi, yaani upekuzi wa sajili, kitinda mimba wa ukoo, aliye mfupi na wa bei ndogo kuliko wote. Ewe unayeonyeshwa ploti Jumamosi hii na kuambiwa hakuna shida, usitoe hata shilingi ya kifungua kinywa kabla ya kufanya sachi na kusoma sehemu B na C hadi mstari wa mwisho. Ofisi hufunguliwa saa mbili asubuhi.