Laptopu Yangu Imekaa Eda

Wenye laptopu zinazotii amri hawaijui raha niliyoipata mwezi huu. Yangu ilifiwa na diski yake ghafla, katikati ya ripoti. Marehemu nikamhifadhi kwenye droo, nikaenda Kariakoo kumtafuta mrithi, nikarudi na SSD ya GB 512 kwa shilingi 120,000. Nikaichomeka, nikakaza kiskurubu chake kidogo kama punje ya mtama, nikawasha. Kioo cheusi, maandishi meupe: ndani humu hamna diski.

Nikavua kofia. Zama hizi, simu inapokubali chaja ya jirani yeyote, mimi nimebahatika kupata mjane anayeijua eda.

Na eda aliikaa kwelikweli. Hatazami mgeni, haitikii hodi. Nilimtoa mposaji nikamrudisha taratibu, akanyamaza. Nikampangusa mposaji meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, maana kwenda ukweni na meno machafu ni kukosa adabu, akanyamaza. Nikaingia kwenye bayosi, chumba cha ndani wanakokaa mashangazi, nikakuta mpangilio uko RAID, nikauhamishia AHCI. Kimya. Nikasasisha bayosi yenyewe, dakika 9 nzima nikiomba umeme usikatike. Kimya, tena chenye heshima kuliko cha mwanzo. Nikasema labda bwana harusi ndiye mgonjwa. Nikamtia kwenye kasha la USB la kuazima, na kompyuta ya kazini ikamwona papo hapo, mzima wa afya. Basi, nikachukua kalenda na kuanza kuhesabu miezi 4 na siku 10.

Fadhila zake nyingine ni za kawaida tu: haichomi mapaja, haili bando, na shemeji haji tena kuiazima.

Fundi wa kwanza alitoza 20,000 ya kuchungulia, akatangaza kwamba madabodi imeungua. Wa pili, kijana mwenye meza chini ya ngazi, hakufungua hata skrubu. Aliinua diski kwenye mwanga, akanionyesha mapengo mawili kwenye safu ya meno.

“Hii SATA, mzee wangu. Mashine yako inataka NVMe.”

Kumbe eda haikuwepo. Wawili hawa hawaongei lugha moja: SATA ni ya tangu 2003, NVMe ilitoka 2011. Ila umbo ni lilelile, upana milimita 22 na urefu milimita 80, ndiyo ile 2280 ya kwenye lebo. Tundu langu linaipokea diski ya SATA vizuri kabisa, skrubu inakaza, kumbe nyuma yake hakuna njia ya kuisikiliza.

Jamani! Mtu mzima, na shahada zake, amekaa kiwandani akaruhusu visivyosikilizana viingie tundu moja, halafu akashindwa kuandika herufi nne pembeni yake? Kwenye kile kifuko cha chembe za kunyonya unyevu wanaandika usile. Nani aliwahi kukila? Wino wa onyo hilo upo. Wa kuniambia diski gani inaingia wapi umekwisha.

Lakini kiwanda kiko mbali, mshenga yuko Kariakoo. Siku ya kununua nilimpelekea laptopu yenyewe, kifuniko kimefunguliwa. Akasoma 2280 huku, 2280 kule, akasema, “Zinafanana, bosi.” Niliporudi alikuwa hanikumbuki. Nikamwambia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema mnunuzi akimweleza muuzaji kazi ya bidhaa na kutegemea utaalamu wake, bidhaa iifae kazi hiyo. Akaniuliza kama mimi ni wakili. Kisha akageuza risiti, akaweka kidole kwenye mstari wa chini, ule ambao wino wake haujawahi kufifia katika risiti yoyote ya mji huu.

Nimenunua NVMe kwa yule kijana wa chini ya ngazi. Laptopu iliiona kabla sijamaliza kuketi. Eda imeisha siku ya 17.

Ile ya SATA ninayo hapa mezani, mpya, meno yanang'aa. Mwenye mashine inayoikubali aje na 90,000, aje na mashine yake tujaribu kwanza. Mali ikishauzwa hairudishwi.