Heko, Kitundu cha Nusu Milimita

Gari likiharibika, anayeadhibiwa ni mwenye gari. Betri ikifa, unachelewa wewe. Rejeta ikivuja, ni wewe unayesimama kando ya barabara na kidumu cha maji ukingoja injini ipoe. Breki zikisaga chuma kwa chuma, roho inayoruka ni yako. Katika ukoo huo wote wa ubovu naujua mmoja tu wenye ustaarabu. Ukiwa nao, mafuta hayaishi upesi kuliko jana, mlima unaupanda vilevile, na injini inaunguruma kama kawaida yake. Ni kitundu kwenye mfumo unaozuia mvuke wa petroli usitoroke, na anayeumizwa nacho ni aliye nje ya gari: jirani, mpita njia, mtoto wa mtu mwingine. Wewe unapata taa ya njano kwenye dashibodi, basi.

Nazungumzia Marekani, ambako kitundu hiki kinatambulika kisheria. Sheria inaitaka kompyuta ya gari ikigundue kikiwa na kipenyo cha nusu milimita, upana wa risasi ya penseli ya kubonyeza. Kina hata namba zake rasmi: P0456 kikiwa chembamba kabisa, P0442 kikinenepa kufikia milimita moja, P0455 kikishakuwa pango. Mfuniko wa tangi uliosahauliwa kukazwa una yake peke yake, P0457. Sijui ni wahalifu wangapi wanaotunziwa majalada kwa uangalifu wa namna hiyo.

Zamani hakuna aliyekisaka. Tangi lilikuwa na njia yake ya kupumulia, kabureta nayo ilipumua itakavyo, na gari lililoegeshwa juani lilichafua hewa bila hata kuwashwa. Aliyetibua mambo ni Arie Haagen-Smit, Mholanzi aliyekuwa mwanakemia huko Caltech, Pasadena. Shughuli yake ilikuwa ladha ya nanasi: alinasa mvuke wa tunda apate kujua kinachonukia humo ni nini. Los Angeles wakati huo ilikuwa ikiwasha watu macho kwa ukungu wa rangi ya kahawia. Akavigeuzia vyombo vyake kwenye hewa hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaonyesha kwamba mvuke wa petroli, wa magari na wa viwanda vya mafuta, ukikutana na gesi za moshi chini ya jua kali huzaa ozoni ya ukungu huo. Watu wa mafuta hawakumshukuru. California ikadai magari ya mwaka 1970 yazuie mvuke huo, na nchi nzima ikafuata kwa magari ya 1971.

Mvuke ukafungwa, na gereza lake ni kopo la mkaa. Si mkaa wa kuchomea mahindi. Huu umetayarishwa hadi ukajaa vinyweleo, kiasi kwamba gramu moja ina uso wa ndani unaoweza kuzidi mita za mraba 1,000, yaani karibu robo ekari. Tangi likipata joto, mvuke unakwenda kujishikiza humo. Injini ikishawaka na kukolea, vali ya kunyonyea inafunguka, hewa safi inaingia kwa upande wa pili, na mvuke unapelekwa kuchomwa. Isipokuwa utakaokuwa umeshapata mlango mwingine.

Na tazama jinsi mlango huo unavyoheshimiwa. Kuanzia magari ya 1996, kompyuta ililazimishwa kuutafuta ukiwa na milimita moja. Kuanzia yale ya 2000, hatua kwa hatua, ikaambiwa itafute nusu. Toyota ilikwenda mbali zaidi. Katika magari yake mengi ya soko la Marekani, saa 5 baada ya injini kuzimwa, wewe ukiwa umelala, kompyuta inaamka peke yake na kuwasha pampu ndogo ya kuvuta hewa. Kwanza inavuta kupitia tundu la mfano, lililotobolewa kiwandani kwa makusudi, ili ijue kitundu cha nusu milimita kina mvuto gani. Kisha inavuta mfumo mzima na kulinganisha. Yaani wahandisi walimtengenezea mhalifu pacha na kumpa makazi ya kudumu ndani ya gari, ili mwenyewe akija atambulike.

Hata hivyo kitundu hakipokei wageni ovyo. Magari mengi hayapimi iwapo tangi halipo kati ya takriban asilimia 15 na 85, wala iwapo injini haijapoa hadi kukaribia joto la hewa. Anayejaza pomoni kila siku na anayetembelea taa ya mafuta, wote wawili watakaa muda mrefu bila kukijua. Tena kikionekana mara moja, taa bado haiwaki. Kwa kawaida lazima kionekane safari mbili mfululizo. Baada ya ushahidi wote huo, taa inawaka kumwombea mtu asiye ndani ya gari, na aliye ndani anaibandika kipande cha utepe mweusi asiione.

Fundi ndiye anayekijua kwa undani. Msimbo haumwambii kitundu kiko wapi, unamwambia kipo. Kati ya mdomo wa kujazia na injini kuna mipira, maungio, sili ya pampu ya mafuta, vali mbili na kopo, na kila kimoja ni mshukiwa. Fundi wa kubahatisha anabadilisha mfuniko, mteja analipa. Taa inarudi. Anabadilisha vali ya kunyonyea, mteja analipa. Taa inarudi, na sasa lawama inaangukia kopo la mkaa, ambalo ni ghali. Kitundu kinawatazama wote wawili bila kinyongo. Kimelisha familia nyingi za mafundi na hakijawahi kudai chochote.

Anayejua kazi naye huanza na mfuniko, ila anauangalia kwanza. Sili imepasuka? Mdomo wa kujazia umeliwa na kutu, kama unavyoliwa kwenye majimbo ya baridi yanayomwagia barabara chumvi? Anachomoa mpira wa vali ya kunyonyea, injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta na kompyuta ikiwa haijaiamuru vali ifunguke, anaweka kidole. Kidole kikivutwa, vali imenasa wazi, na hapo mteja anaelewa kwa nini gari lake hugoma kuwaka kila likitoka kujazwa mafuta.

Vyote vikiwa vizima, analeta moshi. Mashine inachemsha mafuta maalumu na kusukuma moshi mweupe ndani ya mfumo kwa shinikizo lisilofika psi 1, kwa kuwa tangi si tairi la kupigwa upepo wa kompresa. Anaifunga vali ya hewa safi kwa kuiamuru kutoka mashine ya kupimia, anachukua tochi, anangoja. Ananyanyua macho, anaingia uvunguni, anangoja tena. Mwishowe uzi wa moshi unachomoza, na mara nyingi unachomoza juu ya tangi, mahali pasipofikika mpaka tangi lishushwe. Hapo hata mimi navua kofia. Kitundu kinajua kuchagua mtaa wa kuishi.

Kina ndugu anayefanya kinyume chake, kuziba, naye ana wapenzi wake. Mwaka 2011 Mazda iliyaita magari ya Mazda6 zaidi ya 50,000 nchini Marekani kwa sababu ya buibui. Walikuwa buibui wa manjano, waliodhaniwa kuvutwa na harufu ya petroli, wakifuma utando ndani ya mpira wa kupumulia wa kopo la mkaa. Mpira ukiziba, injini inalinyonya tangi bila hewa kuingia, na tangi linaweza kupata ufa. Kampuni ikatia springi ya kuwazuia. Mwaka 2014 ikabidi iite mengine 42,000 hivi, safari hii ikabadilisha programu ya kompyuta, maana buibui hawakuitambua springi.

Sifa kubwa kuliko zote imeandikwa na serikali yenyewe. Huko California, gari likipelekwa kupimwa moshi na taa ya injini inawaka, limeshindwa. Mjanja anaifuta taa asubuhi hiyohiyo. Lakini kuifuta kunafuta pia kumbukumbu ya vipimo vyote, na mkaguzi anaona wazi kwamba kompyuta haijamaliza kujipima. Gari linarudishwa likatembee kwanza. Ila kwa magari ya petroli ya mwaka 2000 na kuendelea kuna kipimo kimoja, kimoja tu, ambacho kinaruhusiwa kukutwa hakijakamilika na gari likapita. Sensa za oksijeni hazina msamaha huo, wala katalisti ya ekzosi pamoja na bei yake yote. Aliyesamehewa ni kipimo cha mvuke, maana waliotunga kanuni waliona hawawezi kukipangia kitundu ratiba.