Kasri la Kapera

Kwa Mjomba wangu mpendwa, Kinole, milimani Uluguru.

Nakuarifu ya kwamba mimi ni mzima, ila miguu imefanya malengelenge, kwa sababu jana nilikwenda kulitazama kasri la marehemu George Vanderbilt, liitwalo Biltmore, huku Asheville katika jimbo la North Carolina, kwenye milima ya Blue Ridge ambayo, ikijitanda ukungu wa alfajiri, mzaliwa wa Uluguru huanza kuitafuta migomba kwa macho.

Barua yako ya kuulizia fedha za bati za kuezekea imefika, na jawabu lake nitalifikia.

Kasri hilo, lililoanza kujengwa mwaka 1889 na kufunguliwa 1895, kwa mali iliyochumwa na babu yake mwenyewe katika meli na reli, lina vyumba 250, hamamu 43 na mahali 65 pa kuotea moto, na ili mawe ya kulijengea yafike, ilitandazwa reli yake mahsusi ya maili tatu. Nami niliposikia habari ya mioto 65 nilimkumbuka marehemu bibi, aliyetulisha watu kumi na wanne kwa mafiga matatu, tena moja lina ufa. Lakini lililonistaajabisha kupita yote ni kwamba bwana huyo alihamia humo akiwa kapera, asioe hadi mwaka 1898! Kwetu, ambako ardhi ni ya ukoo wa mama, na mwanamume aghalabu hulima kwa wakweze kwa jembe na adabu, kapera wa vyumba 250 angeitiwa wajomba kabla hajaezeka.

Basi kiongozi wa wageni, mtu mpole, aliponiuliza kama kwetu yapo majumba ya fakhari, nami kiburi kimeshanipanda, nilimweleza kwamba chini ya Uluguru mtawala Kisabengo alijenga mji wa Simbamwene, wenye ngome ya mawe na minara pembeni, ambao msafiri Stanley aliuona mwaka 1871 akausifu. Na kwamba kama Vanderbilt, aliyefariki 1914 akaacha mtoto mmoja tu, naye binti, ndivyo na Kisabengo alivyorithiwa na bintiye, bibi mtawala aliyemtumia huyo Stanley wajumbe kumdai hongo. Kama alilipa au hakulipa, sikuulizwa, nami sikujitia kueleza.

Kiongozi akafurahi, akatoa kalamu, akataka kujua ngome ya Kisabengo hufunguliwa saa ngapi. Mjomba, ningemwambiaje mbele ya kaumu ile kwamba mafuriko ya 1872 yaliuzoa ukuta, na kwamba mimi mwenyewe, niliyekulia Morogoro, sijapata kuonyeshwa hata jiwe lake moja? Nikakohoa, nikasema kwamba kwa sasa ipo katika matengenezo. Kisha kwa haya nikajibanza nyuma ya kundi, nikapotea huko chini penye jikoni na bwawa la kuogelea la ndani, nikatolewa na bibi mmoja mtalii aliyedhani natafuta kazi.

Ama kuhusu bati: kiingilio, nauli na chakula cha siku ile, nilipovijumlisha usiku, vilikuwa sawasawa na bati zote za chumba cha tatu, na misumari yake. Niwie radhi. Mama akiuliza habari za paa, mwambie lipo katika matengenezo.

Wako mtiifu,
Mpwa wako