Usiniletee Kila Kinachoanza na Ki

Nilikaa kibarazani na mama mmoja, mkunga mstaafu, nikimsaidia kujaza fomu ya watu wa kujitolea katika shughuli za afya. Jina likaingia, mwaka wa kuzaliwa ukaingia, tukafika kwenye kisanduku chembamba kilichoandikwa juu yake: Lugha unazozungumza. Mama akanyoosha mkono kuchukua simu, maana hilo alilijua kuliko mimi. Akaandika K, akaandika i. Zikashuka lugha kumi: Kialagwa, Kiarabu, Kibena, Kibende, Kibondei, Kichaga na wenzao, kisha orodha ikakatika mkia. Akafuta. Akaandika Sukuma. Kisanduku kikajibu: Hakuna matokeo.

"Mwanangu," akasema, "hiki kitu hakijapata kusikia habari za Wasukuma?"

"Kinawajua, mama. Kimewaficha."

"Kimewafichaje, watu wote wale?"

Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote Tanzania, na kisanduku kimoja cha kwenye fomu kimewapoteza kama sindano kwenye zulia. Nami ni fundi wa visanduku hivyo. Basi huu ni mwongozo wangu kwa fundi mwenzangu: namna ya kutengeneza kisanduku kinachokisia neno kabla hujalimaliza na kukuruhusu kuchagua mengi, bila kumwaibisha mtu mbele ya simu yake mwenyewe.

Kwanza jiulize kama unakihitaji. Kama majibu yote ni saba au manane, weka viboksi vya kutia tiki, mtu aone kila kitu, achague, aende zake. Kisanduku cha kukisia ni cha orodha ndefu, na lugha za Tanzania, zaidi ya 120, ni orodha ndefu ya kutosha. Usijaribu kukwepa kazi kwa ile menyu ya zamani inayomtaka mtu ashikilie kitufe cha Ctrl huku akibofya. Akikiachia kwa bahati mbaya akabofya, chaguo zote za awali zinafutika na inabaki moja. HTML ina kipengele chake chenyewe cha mapendekezo tangu toleo la tano, lililopitishwa rasmi mwaka 2014, lakini kwenye kisanduku cha maandishi kinapokea jibu moja tu. Kwa majibu mengi utashona mwenyewe au utachukua maktaba iliyo tayari, kama Select2 au Tom Select, kisha uifundishe adabu za kwetu.

Na adabu hizo zinaanza na Ki. Kwa Kiingereza, herufi mbili za mwanzo zinachuja orodha mara moja: S na p, umeshafika Hispania. Kwetu herufi mbili za mwanzo ni mlango wa mjini ambao kila msafiri amepitia. Aliyeandika Ki hajakuambia kitu bado, amekusalimu tu. Kisanduku kinachomrushia lugha kumi kwa salamu hiyo ni kama konda anayekuvuta mkono ndani ya daladala kabla hujasema unakwenda wapi. Subiri herufi ya tatu.

Lakini usiifanye hiyo kuwa sheria ya jumla, kwa sababu kuna Waha. Muha anayeandika Ha amekwisha kuandika shina zima la lugha yake; ukimlazimisha kufikisha herufi tatu, unamdai herufi ambayo hana. Kwa hiyo kila lugha kwenye orodha yako ipe majina yake yote ya kuitikia: Kisukuma iitike kwa Kisukuma, Sukuma, Msukuma na Wasukuma. Kiiraqw iitike pia kwa Kimbulu, kwa kuwa wengi wanawaita wenyewe Wambulu. Kinyaturu iitike kwa Kirimi, Kipare kwa Chasu, Kisambaa kwa Kishambaa na Kishambala. Hiyo si kazi ya mashine. Kaa na watu, uliza, andika. Ni siku mbili za kazi, na ndizo siku mbili ninazozipenda kuliko zote katika ufundi huu.

Utashawishika kukata Ki popote unapoikuta. Usithubutu. Iondoe kwenye orodha yako, ambako unajua kipi ni kiambishi na lipi ni shina. Kwenye maneno ya mtumiaji usiiguse. Mtu akiandika kimbu, huenda ni Mkimbu anayetafuta Kikimbu. Huenda ni Mmbugwe wa kule Manyara ambaye hajamaliza kuandika Kimbugwe. Huenda anataka Kimbunga, au Kimbulu. Wewe fundi ukikata Ki hapo, unabaki na mbu, na huyo hajawahi kumsaidia mtu. Waonyeshe wote wanne, na aliyelingana shina lake kamili akae juu.

Mpangilio ndio roho ya kisanduku. Select2 kwa kawaida hutafuta herufi zako popote ndani ya neno, na hilo ni afadhali mara mia kuliko kutazama mwanzo peke yake. Yule mama wa kibarazani angempata Msukuma wake. Ila mwambie Muha aandike ha. Kwa mpangilio wa alfabeti, wa kwanza kumpokea ni Kichaga, kwa sababu cha imebeba ha tumboni. Yeye mwenyewe amesimama nyuma ya Mchaga kwenye mlango wa nyumba yake! Panga hivi: shina lililolingana kamili kwanza, yaani Kiha, kisha mashina yanayoanzia hapo, Kihadzabe, Kihaya, mwisho wale wenye herufi hizo katikati. Ni mistari michache ya programu.

Hapo kuna kitu kidogo zaidi ya vyote, kile kikoma kinachoelea kwenye ng'. Lugha si nyingi zinazokibeba, lakini siku utakapoombwa kisanduku cha mahali utakutana nacho Chang'ombe, utakutana nacho Nyang'hwale, utakutana nacho Murang'a. Simu ya iPhone hupenda kukipinda kiwe kikoma cha nakshi. Kwenye hifadhi yako ya data kimesimama wima. Kwa macho ya mtu ni kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili zisizojuana, na mkazi wa Murang'a anaambiwa kaunti yake haipo. Kabla ya kulinganisha, ondoa vikoma vya kila sura, vistari kama cha Taita-Taveta na nafasi, na geuza herufi kubwa ziwe ndogo, pande zote mbili. Na usiwahi kuunganisha maandishi ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya swali la SQL. Kikoma kilekile kitalifunga swali lako katikati ya Murang'a. Mtu mwema ataangusha ukurasa bila kujua, na mtu mbaya atajua.

Sasa chaguo limefanyika. Neno ligeuke kibandiko chenye alama ya kufutia, maandishi yafutike, fokasi ibaki palepale ili mtu aendelee na la pili. Lugha iliyokwisha kuchaguliwa isirudi kwenye mapendekezo kama mgeni mpya. Kitufe cha kufuta kikibonyezwa wakati kisanduku ni kitupu, kibandiko cha mwisho kiwake kwanza, kisha kifutike kwa mbonyezo wa pili. Vidole vina mazoea ya kufuta kwa pupa. Na kitufe cha Enter kichague pendekezo, kisitume fomu. Nimeona fomu zikisafiri nusu kwa kosa hilo.

Kuna mtego mmoja wa simu ambao umekula usiku wangu mwingi. Kubonyeza kuna tukio la kushuka na tukio la kuinuka. La kushuka likifika juu ya pendekezo, kivinjari hutangaza kwamba kisanduku kimeachwa; programu iliyoandikwa haraka haraka inafunga orodha; la kuinuka likifika hakuna kitu chini yake. Mtumiaji anagusa Kisukuma, Kisukuma kinayeyuka. Zuia fokasi isihame wakati wa kushuka, na tatizo limekwisha. Mtego wa pili: usitegemee tukio la kubonyeza kitufe ili kugundua mkato ambao mtu ameuweka kutenganisha majibu. Chrome ya Android mara nyingi huripoti namba 229 kwa karibu kila herufi, iwe mkato, iwe a. Soma kilichoandikwa ndani ya kisanduku, usisome vidole. Na kwa kuwa kibodi yenyewe imekula nusu ya kioo, mapendekezo matano au sita yanatosha.

Seva iache ipumzike. Lugha 120 na majina yake yote ya utani ni kilobaiti chache tu. Zipeleke pamoja na ukurasa, na kisanduku kitajibu hata mtandao ukiyumba. Ila ukiombwa vijiji vya Tanzania, zaidi ya 12,000, hapo itabidi kuuliza seva: subiri kama milisekunde 300 baada ya herufi ya mwisho, na ulizo jipya likitoka, lifute la zamani. Usipolifuta, jibu la herufi tatu linaweza kuchelewa njiani likaja kulikalia jibu la herufi tano.

Asiyeona naye anajaza fomu. Kiwango cha ARIA kina sehemu ya kombobokisi kwa ajili hii hasa: fokasi hukaa kwenye kisanduku, mishale hushuka kwenye orodha, na kisoma skrini hutaja pendekezo lililoangaziwa. Tangaza idadi pia, "mapendekezo manne", kwa sauti ya upole isiyokatiza. Na kile kitufe cha kufutia kisisomeke "alama ya kuzidisha". Kiseme: Ondoa Kisukuma.

Kuhifadhi ni jambo fupi. Usiunganishe majibu kwa mikato ndani ya safu moja. Tumia jedwali la mtu na lugha, mstari mmoja kwa kila jozi, na uhifadhi msimbo, si jina: suk kwa Kisukuma, haq kwa Kiha, hay kwa Kihaya, nym kwa Kinyamwezi. Majina yataendelea kubishaniwa tahajia zake. Misimbo hiyo ya ISO itakaa.

Na chini kabisa ya orodha weka mstari usiofichwa: "Lugha yangu haimo, niongeze." Kinachoandikwa hapo kiende pembeni kisubiri binadamu akisome. Bila mstari huo, mwenye lugha uliyoisahau atachagua ya jirani yake ili fomu imwachie apite, na takwimu zako zitaapa kwamba lugha yake haina mzungumzaji.

Nilipomaliza kutengeneza changu nilikirudisha kibarazani kuleeee kwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na Wasukuma leo?"

Nikampa simu. Akaandika suk, akagusa, kibandiko kikakaa. Akaandika nyamw, Kinyamwezi kikaja. Akaandika ha, kwa sababu aliwahi kuzalisha miaka mingi huko Kasulu, na Kiha kikatokea juu kabisa, Kihadzabe na Kihaya nyuma yake. Akavitazama vibandiko vitatu kwa muda, akainua uso.

"Na Kiswahili tunachoongea hapa, nacho kinahesabiwa?"

"Kinahesabiwa, mama."

Akavuta miwani chini kidogo, akaandika s, w, a.