Sifa za Giza la Unguja

Nataka kulisifu giza, na nalitaja kwa tarehe ili lisichanganywe na jengine. Ni giza lililoingia Unguja Alhamisi ya tarehe 10 Disemba 2009, likakaa nasi hadi Machi 2010. Watu wengi wamelisema vibaya, na wana haki. Waya uliotuletea umeme kutoka bara, ukipita chini ya bahari baina ya Ras Kiromoni na Fumba, ulikuwa wa mwaka 1980, na hitilafu ilipotokea kisiwa hakikuwa na njia ya pili. Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa ameshajua kucheka umeme uliporudi.

Mimi lilinichukulia kazi. Nilikuwa na kibanda cha fotokopi karibu na skuli moja ya Ng'ambo, na mashine nilikuwa nimeinunua kwa fedha za upatu, zamu yangu ilipofika. Wiki mbili za mwanzo nilikwenda kila asubuhi kuifuta vumbi. Mahoteli ya Mji Mkongwe yalikuwa na majenereta, yakinguruma mchana na usiku. Mimi nilipiga hesabu nikaona mafuta ya siku moja yangekula pato la siku tatu. Katikati ya Januari nilimrudishia mwenye kibanda ufunguo wake. Nyumbani, siku ya tatu tu, mama alifungua friji akatoa changu waliokwisha kulegea. Wale waliokuwa bado wazima akawapasua, akawatia chumvi, akawaanika juu ya bati wawe ng'onda. Friji ile haikuwaka tena hata umeme uliporudi.

Kwa hiyo sisemi kwa kuwa giza lilinipitia kando.

Asiyekaa mjini kwetu huenda asijue kwamba umeme ukikatika, maji nayo hukatika. Maji ya mji huvutwa na pampu kutoka visima virefu, na pampu zikisimama mabomba yanakauka. Ua wetu ulikuwa na kisima cha zamani, kilichochimbwa na babu, tulichokuwa tumekifunika kwa mbao tangu tulipoingiziwa bomba. Siku ya nne tuliziondoa mbao. Chini kulikuwa na maji baridi, na kipande cha mbingu ndani yake.

Ng'ambo ya uchochoro wetu alikuwa akikaa seremala mmoja mtu mzima, ambaye sote tukimwita Fundi. Mlango wake na wetu unatazamana, hatua sita tu. Yeye alikuwa wa chama kimoja na nyumba yetu ya chama cha pili, na tangu uchaguzi wa 2005 hatukuwa tukisalimiana. Mgeni ataona ni jambo la kitoto, lakini aliyekulia Zanzibar baada ya uchaguzi wa 1995 anajua lilivyokuwa: duka la huyu halinunuliwi na wale, harusi inahudhuriwa nusu, na wako waliofika mahali pa kususiana hata maziko. Tarehe 5 Novemba 2009, Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume, na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana Ikulu wakapeana mikono. Tulifurahi tuliposikia. Hata hivyo mkono ule wa Ikulu ulikuwa bado haujafika uchochoroni kwetu. Ilibaki mwezi na siku chache giza liingie.

Jioni ya siku ile tuliyofunua kisima tulisikia hodi. Nilimjua kwa sauti kabla sijamwona. Alisimama nje ya mlango, ndoo mkononi, macho chini.

"Bimkubwa, naomba maji ya kutilia udhu."

Mama hakumjibu mara moja. Aliweka kando upawa, akajitanda kanga vizuri, kisha akasema, "Karibu ndani, Fundi. Maji hayaombwi."

Nilimtekea mimi mwenyewe. Ndoo ya kwanza ikawa ya udhu, ya pili ya kupikia, na ya tatu akakataa nisimbebee, nami nikambebea. Baada ya isha alitoka na karabai. Sijui alikuwa ameiweka wapi miaka yote ile. Aliitia mafuta, akaipasha kwa spiriti, akaipiga pampu taratibu kama mtu anayempapasa mtoto mgongoni, mpaka kile kitambaa cheupe ndani ya kioo kikavimba kwa mwanga. Hakuitundika ndani kwake. Alipigilia msumari juu ya dirisha la nje akaitundika pale, ikamulika baraza yake na yetu pamoja.

Tangu usiku ule hatukukaa mbali tena. Wazee walicheza dhumna, watoto walisoma Kurani na kufanya hesabu za skuli kwenye kiduara kile kimoja cha mwanga. Mimi, mtu wa fotokopi bila fotokopi, nilianza kunakili kwa mkono. Wanafunzi waliniletea daftari za wenzao nikawanakilia, kisha wakaja watu wazima. Mmoja alitaka barua kwa kaka yake aliyeko Muscat amsaidie kununua jenereta, mwengine barua ya kuomba kazi, na mama mmoja akataka nimwandikie mwanawe aliyeondoka miaka saba bila kutuma salamu. Ile ya mwisho niliiandika mara nne. Ndipo nilipoijua kazi ninayoifanya hadi leo, kwa hiyo nikisema nalishukuru giza nalishukuru kama mtu anavyomshukuru mwalimu aliyempiga.

Usiku wa tarehe 31 Disemba nao nautia katika hesabu. Mwezi ulikuwa mpevu, na karibu na saa nne ukaanza kupatwa, kidogo tu, kama chapati iliyomegwa ukingoni. Fundi aliinuka akaizima karabai bila kuambiwa. Ukiacha mahoteli, mji ulikuwa hauna taa kutoka Michenzani hadi bandarini, na mbingu ilikuwa na mwanga wa mwezi ambao mimi, mzaliwa wa mji, sikuwahi kuuona hivyo nikiwa juu ya baraza yangu. Baadhi ya watu walikwenda msikitini kuswali swala ya kupatwa kwa mwezi. Tuliobaki tulikaa kimya, na katika kimya kile hakuna aliyeweza kumwona jirani yake ni wa rangi gani ya bendera.

Kuna jambo lazima niliseme hapa, maana sifa isiyotaja gharama ni ya uongo. Miezi ile mitatu ilibebwa na wanawake. Madumu yaliyopita uchochoroni kwetu alfajiri hayakuwa vichwani mwa wachezaji wa dhumna. Mama alikuwa na maumivu ya mgongo kabla ya giza, na baada yake yalizidi. Sitaki kiongozi yeyote asome maneno yangu akadhani namtoa deni. Kisiwa kizima kutegemea waya mmoja wa karibu miaka thelathini ni kosa, na waya mpya haukuanza kazi hadi 2013.

Tarehe 31 Julai 2010 tulipiga kura ya maoni, na kiasi cha theluthi mbili tukakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Tulidhani tumefika. Kisha ikaja tarehe 28 Oktoba 2015, uchaguzi ukafutwa kabla matokeo hayajamalizika kutangazwa, na hasira za zamani zikarudi kana kwamba hazikuwahi kuondoka. Baraza za mitaa mingine ziligawanyika tena ndani ya wiki moja. Mimi nilikuwa na uchungu mkubwa, sikutoka ndani siku mbili.

Siku ya tatu nilisikia hodi. Mabomba yalikuwa yakitoa maji siku hiyo, na umeme ulikuwepo. Fundi alikuwa amesimama pale pale, ndoo mkononi, akasema amekuja kuomba maji ya kutilia udhu. Mama akamwambia maji hayaombwi.

Fundi hayupo tena duniani. Karabai aliwaachia watoto wake, msumari uko palepale juu ya dirisha. Kisima chetu tumekiwekea mfuniko wa wavu wa chuma kwa ajili ya wajukuu, wenye bawaba, usio na kufuli.