Jinsi ya Kukosea kwa Heshima: Uhasibu Asubuhi, Uchoraji Mchana

Sogea hapa, mdogo wangu, na usimwambie mhadhiri wako nani alikufundisha haya. Umechukua shahada ya uhasibu kwa sababu nyumbani walitaka mtu wa kushika fedha, kisha somo la hiari ukachagua uchoraji ukiamini ni la kupumzikia. Sasa ni wiki ya nne. Urari haulingani, na uso uliouchora jana unafanana na kiazi. Usitishike. Nimepita madarasa yote mawili, na njia za mkato za kuyavuka ni za ukoo mmoja. Kila mwanafunzi anataka aonekane hajakosea. Huo ni udhaifu wetu sote, kwa hiyo tusipoteze muda kuupiga vita. Tuutumie.

Kwanza: tupa ufutio. Leja haifutwi. Ukikosea tarakimu, piga mstari mmoja kwa rula, andika iliyo sawa juu yake, weka herufi za jina lako pembeni. Ukisugua, au ukapaka ile rangi nyeupe ya kufichia, mkaguzi hataona kosa. Ataona mtu anayeficha kitu. Mstari mmoja uliopigwa kwa utulivu unakupa sura ya mtu aliyejua alipoteleza.

Studio nayo ni vivyo hivyo. Anza kwa mistari myepesi, na mstari wa bega uliokosewa uache palepale. Ukiufuta, mkono wako utaurudisha mahali uleule, maana huna tena cha kulinganishia. Ukiuacha, wa pili utajua uende juu au chini. Mwishoni giza la mkaa litaifunika mistari mingi ya mwanzo, na michache itakayobaki itafanya umbo lionekane kama linapumua. Watu watakusifia mistari hiyo. Pokea sifa.

Pili: chuma alama kabla ya kugusa hesabu. Vichwa vya taarifa havihitaji kikokotoo. Taarifa ya mapato ni "kwa mwaka ulioishia 31 Desemba", mizania ni "kufikia tarehe 31 Desemba". Ya kwanza inasimulia mwaka mzima, ya pili ni picha ya siku moja. Wanaochanganya haya mawili ni wengi kuliko unavyodhani. Ukikosea jumla katikati ya swali, endelea na jumla yako mbovu bila aibu. Wasahihishaji wengi hutoa alama za njia: wanafuata tarakimu yako na kuangalia kama umeitumia sawasawa kuanzia hapo. Mwanafunzi anayemaliza nusu saa akiulazimisha urari ulingane anaacha maswali mawili wazi nyuma yake.

Tatu: urari ukigoma, usijumlishe upya kutoka juu. Hiyo ni adhabu, na hujamkosea mtu. Chukua tofauti kati ya pande mbili, uihoji.

Kama ni 1, 10, 100 au 1,000 kamili, huenda umekosea tu kubeba tarakimu wakati wa kujumlisha. Kama sivyo, igawe kwa 2. Tuseme tofauti ni 70,000. Tafuta muamala wa 35,000. Ukiupata, kuna uwezekano mkubwa umeuandika debiti ilhali mahali pake ni krediti. Upande mmoja umepungukiwa 35,000 na mwingine umezidishiwa 35,000, ndiyo maana tofauti imekuwa maradufu.

Haikukubali? Igawe kwa 9. Hapa ndipo ninapoupenda uhasibu kwa moyo wote. Ukigeuza tarakimu mbili zilizo jirani, 63 ikawa 36, tofauti ni 27, na 27 ni 9 mara 3; hiyo 3 ndiyo tofauti kati ya 6 na 3 zenyewe. Geuza tarakimu zozote mbili zilizokaa pamoja, tofauti itagawanyika kwa 9 kila mara, kwa sababu unachofanya ni kuhamisha thamani kutoka nafasi ya makumi kwenda ya mamoja, au ya maelfu kwenda ya mamia. Muuzaji wa vitenge aliyelipwa 5,400 ukaandika 4,500 atakuachia 900, na 900 kwa 9 ni 100: nenda moja kwa moja kwenye mamia na maelfu, tafuta mahali ambapo tarakimu zimepishana kwa moja. Kuruka sifuri nako hunaswa hivyohivyo. Andika 12,000 kama 1,200, tofauti ni 10,800. Gawa kwa 9, unapata 1,200, yaani tarakimu yako mbovu yenyewe inakuja kujisalimisha. Fanya hivi mbele ya mwenzako mara moja tu, bila kueleza. Kesho atakuletea chai.

Nne: kama ni lazima upachike, pachika hadharani. Najua unachotaka kufanya saa nane usiku. Unataka kuchukua elfu saba iliyopungua na kuisukumia kwenye "gharama nyinginezo". Mhadhiri anaifahamu gharama hiyo kuliko anavyokufahamu wewe. Taaluma yenyewe imekuwekea mlango halali: akaunti ya muda, ile inayohifadhi tofauti mpaka chanzo kipatikane. Fungua, weka 7,000 upande uliopungua, iandike jina lake waziwazi. Urari umelingana, nawe umelala, na hakuna aliyedanganywa. Kesho ukipata kosa, andika ingizo la kusahihisha, akaunti ifungwe.

Hapohapo nikuonye: urari uliolingana bila akaunti ya muda nao usiuamini sana. Kuna makosa sita hauyaoni kabisa. Muamala uliosahauliwa pande zote mbili. Deni lililoandikwa kwa mteja mwingine mwenye jina linalofanana. Pikipiki ya duka iliyoingizwa kama gharama za matengenezo badala ya mali. Kiasi kilichokosewa tangu mwanzo, kikaingia hivyohivyo kote. Debiti na krediti zilizobadilishana nafasi. Na makosa mawili yanayofutana, kila moja likimlinda mwenzake. Yakariri, kwa kuwa watahini wanayapenda.

Tano: desa, yale majibu ya kunakili. Utapewa la mwaka jana, na utalipokea, mimi nililipokea. Lisome usiku, lifunge, asubuhi ulifanye swali lilelile kwenye karatasi tupu. Mahali utakapokwama ndipo palipokuwa na somo. Kulibeba desa kama lilivyo ni kazi ya bure, maana mhadhiri hubadilisha tarakimu tatu tu na darasa zima linaleta majibu ya mwaka jana.

Sita: vuka barabara uende studio, na usimalizie bumu lako, ile posho ya mkopo, kwenye karatasi nyeupe. Nunua karatasi ya kaki ya kufungia vifurushi. Rangi yake ya udongo ni kivuli cha kati, na kivuli cha kati ndicho sehemu kubwa ya mwili wa mtu. Ongeza mkaa palipo giza, chaki nyeupe palipo mwanga, basi. Nusu ya kazi imefanywa na kiwanda. Mkaa wa jikoni utakwaruza. Panga vijiti vyembamba ndani ya kopo la chuma, funika, acha tundu dogo la moshi, weka motoni, subiri kopo lipoe kabisa ndipo ufungue. Ufutio niliokuambia uutupe usiununue tena. Sehemu laini ya mkate inanyanyua mkaa vizuri pale unapohitaji mwanga. Edward Saidi Tingatinga alipaka rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi pale Dar es Salaam, na mtindo ukabaki na jina lake mpaka leo. Kukosa vifaa vya bei hakuwezi kuwa kisingizio chako.

Saba: lidanganye jicho lako, maana lenyewe linakudanganya. Jicho linajua pua ni nini, kwa hiyo linachora pua linayoijua na kuiacha ile iliyo mbele yake. Ukinakili picha, igeuze kichwa chini. Pua itaacha kuwa pua, itakuwa vivuli na mikunjo, na mkono utatii. Betty Edwards wa Marekani aliieneza mbinu hii katika kitabu chake cha 1979, na inafanya kazi siku hiyohiyo. Fumba macho nusu, utaona vivuli vitatu tu badala ya ishirini. Weka macho katikati ya kichwa, nusu kati ya utosi na kidevu. Wanaoanza huyapandisha juu, na hapo ndipo viazi vinapozaliwa.

Kisha tazama kazi yako kwenye kioo. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji kufanya hivyo, na kwa mwenye masomo yako mawili Leonardo ni jirani wa karibu. Rafiki na mwalimu wake wa hisabati mjini Milan alikuwa Luca Pacioli, mtawa ambaye kitabu chake kilichochapwa Venice mwaka 1494 kilieleza uandishi wa debiti na krediti waliokuwa wakiutumia wafanyabiashara wa mji ule. Leonardo naye alimchorea maumbo ya kitabu chake kingine, kilichochapwa 1509. Atakayekuuliza kwa nini mhasibu anasoma uchoraji, mpe majina hayo mawili.

Na mikono usiifiche mfukoni. Kila mwanafunzi huchora mtu aliyeingiza mikono mfukoni, na kila mwalimu anajua kwa nini. Ichore kama glavu kwanza, vidole vije baadaye.

Nane: sapu, mtihani wa marudio. Ikija, ipokee. Usisambaze habari kwamba mhadhiri anakuchukia. Fanya maswali ya miaka mitatu nyuma, ukavuke.

Mwisho: siku ya kutundika kazi. Wahi. Tundika usawa wa macho, mbali na kazi ya yule fundi wa darasa. Usianze kwa kuomba radhi. Ukisema "sikuwa na muda", wote watatafuta palipokosa muda na watapaona. Nyamaza, waache watazame, kisha uliza swali moja: macho yenu yameanzia wapi? Jibu lao litakufaa kuliko sifa. Na wakikuonyesha bega kwamba limepanda mno, usibishe. Chukua mkaa hapohapo ukutani, mbele yao, upige mstari mpya chini ya ule wa zamani.