Jinsi ya Kubadili Jina la Kambi ya Jeshi Bila Kulibadili

Hongera, umekuwa waziri wa ulinzi. Mkubwa wako anataka kambi tisa zirudishiwe majina ya majenerali wa zamani, na sheria inakataza. Usikose usingizi. Mwaka 2025 Marekani walionyesha njia, nasi tumeipanga hapa kwa hatua ili hata mgeni wa kazi asipotee.

1. Anza na jenerali aliyeshindwa.
Kambi hizo ziliitwa kwa majina ya watu waliopigana na Marekani yenyewe, katika vita vya 1861 hadi 1865, wakiyatetea majimbo yaliyojitenga ili utumwa uendelee. Braxton Bragg alifurushwa Chattanooga. John Bell Hood aliliteketeza jeshi lake Franklin na Nashville. Henry Benning kabla ya vita alikuwa jaji. Serikali waliyotaka kuivunja ndiyo iliyowapa kambi, na vizazi vya askari Weusi vikafundishwa kwata chini ya vibao vyao.

2. Waache wengine wabadilishe kwanza.
Bunge lilipitisha sheria ya kuyaondoa majina hayo. Rais Trump akaipigia kura ya turufu, Bunge likamzidi nguvu siku ya mwaka mpya wa 2021. Ikaundwa tume, ikapokea maoni zaidi ya 34,000 ya wananchi, ikakadiria gharama ya kambi hizo tisa kuwa dola milioni 21 hivi. Mwaka 2023 vibao vipya vikapanda. Fort Lee ikawa Fort Gregg-Adams, kwa heshima ya Charity Adams, aliyeongoza kikosi cha wanawake Weusi huko Ulaya, na Luteni Jenerali Arthur Gregg, ambaye ujanani, kambini hapo hapo, klabu ya maofisa haikumruhusu kuingia kwa sababu ya rangi yake. Gregg alikuwa bado hai, akashuhudia. Mpigie makofi, lakini usijizoeshe.

3. Fungua daftari la nishani, tafuta majina yanayofanana.
Sheria imekataza kumuenzi jenerali muasi. Haikukataza mtu mwingine kuitwa kama yeye. Mtume karani akuletee Bragg yeyote mwenye nishani. Akapatikana Roland Bragg wa Maine, askari wa miavuli wa Vita Kuu ya Pili, na Februari 2025 Waziri wa Ulinzi Pete Hegseth akatia saini agizo akiwa ndani ya ndege, angani. Badala ya jaji akapatikana Koplo Fred Benning wa Nebraska. Badala ya Jenerali Gordon akapatikana Sajini Gary Gordon, aliyeuawa Mogadishu mwaka 1993 baada ya kujitolea kushuka kwenye helikopta iliyodunguliwa.

Hawa ni mashujaa wa kweli, na utamu wa mbinu uko hapo. Atakayehoji, mshangae hadharani kwamba anamdharau shujaa. Ila omba asiulize habari za Fitz Lee, aliyepatikana kwa ajili ya Fort Lee: askari Mweusi aliyekwenda ufukweni Cuba mwaka 1898, risasi zikimiminika, kuokoa majeruhi. Alipewa nishani 1899 na kufariki mwaka huo huo. Kwa zaidi ya karne moja hakuna aliyeharakisha kumpa kambi, mpaka jina lake lilipohitajika kwa shughuli ya mtu mwingine.

4. Likikosekana jina, unga.
Fort A.P. Hill ilikuwa imekwishapewa jina la Daktari Mary Walker, mwanamke pekee aliyewahi kutunukiwa Nishani ya Heshima, iliyo ya juu kuliko zote. Kwa mtu wa roho ndogo kazi ingeishia hapo. Mtaalamu alitafuta wanajeshi watatu, Anderson, Pinn na Hill, akawapanga mstarini mpaka herufi zikatimia. Wote watatu walipigana upande wa serikali. Jenerali A.P. Hill mwenyewe aliuawa na jeshi la serikali hiyo mwaka 1865. Leo herufi zake zinabebwa na askari wa jeshi lililomuua. Ukiweza kulitangaza hilo bila kucheka, umefuzu.

5. Usiweke nishani kwenye mizani.
Van Barfoot, mmoja wa waliopewa kambi mwaka 2023, alikuwa na Nishani ya Heshima. Akaondolewa, akaingia Vernon Pickett mwenye nishani ya daraja la pili. Henry Johnson, shujaa Mweusi wa Vita Kuu ya Kwanza, naye alikuwa na ile ya juu kabisa. Akampisha James Polk mwenye Nyota ya Fedha, ya daraja la tatu. Michael Novosel, rubani aliyewaokoa askari 29 kwa siku moja Vietnam, akampisha Kapteni Rucker. Hotubani sema umezingatia ushujaa. Mtu akikuletea orodha ya madaraja, kumbuka una kikao cha dharura.

6. Wape vijana ushauri wa maana.
Kuruta akikuuliza afanye nini ili siku moja kambi iitwe kwa jina lake, usimpotezee muda na habari za kukimbilia risasi. Mwelekeze kwa msajili akabadili jina la ukoo. Lee linafaa, Hood pia. Barfoot asithubutu: mwenye jina hilo alifanya yote ambayo nchi inaweza kumdai askari, isipokuwa kuitwa kama muasi.